pfSense na OPNsense: mtandao umegoma, tafuta kwanza paketi inafia wapi

Mtu akikwama na pfSense au OPNsense, programu zinazogeuza kompyuta kuwa ruta na fayawoli (mlinzi anayechuja mtandao), mara nyingi anachokimbilia ni ukurasa wa sheria za fayawoli. Anaweka sheria ya kuruhusu kila kitu, mtandao unagoma, anaweka nyingine juu yake, anazima hiki anawasha kile, baada ya muda intaneti bado haipo na sasa hata setingi za mwanzo zilikuwaje hakumbuki. Acha hiyo njia. Kabla hujagusa sheria hata moja jua kwanza paketi (kipande kidogo cha data) inafia wapi, maana kama inafia kwenye kebo au kwenye DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP, unaweza kuruhusu dunia nzima na bado hamna ukurasa utakaofunguka.

Naziongelea zote mbili kwa pamoja kwa sababu zina asili moja. pfSense ilianza 2004 ikitokea kwenye mradi wa m0n0wall, OPNsense ikajitenga na pfSense mwanzoni mwa 2015, zote zinakaa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD na kazi ya kuchuja paketi inafanywa na pf, kitu kilichotoka OpenBSD 2001. Kwahiyo karibu kila kitu cha hapa kinaenda kote kote, menyu tu ndo zimepewa majina tofauti. Kama we unatumia OpenWrt hiyo ni Linux, amri zake ni nyingine, ila mpangilio wa kutafuta tatizo ni huuhuu.

Kadi na kebo

FreeBSD inazipa kadi za mtandao jina la draiva yake. Kadi ya Intel utaiona kama em0, igb0 au igc0, ya Realtek ni re0, na ukiwa ndani ya mashine pepe ya Proxmox yenye kadi za virtio utaona vtnet0. Hazina maandishi ya WAN (upande wa intaneti) na LAN (upande wa ndani) mgongoni, hayo unayapachika wewe, na hapa ndo makosa ya kwanza yanapotokea, mtu ana kiboksi chenye poti nne halafu anadhani igc0 lazima iwe ile ya kushoto kabisa. Si lazima. Chomoa kebo zote, kaa kwenye konsoli yaani skrini na kibodi ya mashine yenyewe, halafu chomeka kebo moja baada ya nyingine. Kila ukichomeka utaona mstari kama huu:

igc2: link state changed to UP

Basi poti uliyoichomeka ni igc2, iandike kwenye stika ubandike. Baada ya hapo chagua namba 1 kwenye menyu ya konsoli ugawe WAN ni ipi na LAN ni ipi.

Ukishagawa, chomeka kompyuta kwenye LAN, fungua brauza nenda 192.168.1.1. pfSense unaingia kwa admin na paswedi pfsense, OPNsense ni root na paswedi opnsense. Zibadilishe hapohapo, hizo zinajulikana na kila mtu.

Sasa hapa kuna mtego unaowakamata wengi sana siku ya kwanza. LAN ya fayawoli ni 192.168.1.1, na modemu nyingi za watoa huduma nazo zinagawa 192.168.1 hivyohivyo. Kwahiyo WAN yako inapokea mfano 192.168.1.50 kutoka kwa modemu huku LAN nayo iko 192.168.1.0/24, ruta inajikuta na mtandao uleule pande mbili na haijui paketi ya kwenda kwenye modemu itokee wapi. Dalili yake ni kwamba kila kitu kinaonekana kijani, taa zinawaka, na intaneti hamna. Dawa ni kubadili LAN, konsoli namba 2, weka kitu ambacho si rahisi kukutana nacho kwingine kama 10.27.40.1 na maski (ukubwa wa mtandao) ya 24. Itakuuliza kama unataka DHCP, yaani igawe IP yenyewe kwa vifaa, sema ndio, mpe masafa labda 10.27.40.100 mpaka 10.27.40.199. Kisha chomoa na kuchomeka kebo ya kompyuta ili iombe IP mpya, na brauzani uandike anwani mpya, maana kuna watu wanaendelea kubofya ile ya zamani wakisema ruta imekufa.

Na ukiongeza intafesi (mlango wa mtandao) nyingine baadaye, ya wageni au ya kamera, angalia maski. Kile kisanduku cha kuchagua maski huwa kinakaa kwenye /32, ukisevu bila kukigusa hiyo intafesi ina anwani moja tu ambayo ni yake mwenyewe, haitaongea na kifaa chochote.

WAN imepata nini

pfSense nenda Status halafu Interfaces, OPNsense nenda Interfaces halafu Overview. Soma IP ya WAN, usiipite tu.

Kama hamna IP kabisa na kebo iko sawa, modemu nyingi zinakumbuka MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya kifaa kilichokuwa kimechomekwa kabla. Umetoa ruta ya zamani umeweka fayawoli, modemu bado inamsubiri yule wa zamani. Izime modemu kwenye umeme kabisa, subiri dakika chache, iwashe. Ikigoma, nakili MAC ya ruta ya zamani uiweke kwenye setingi za WAN. Kama mtoa huduma wako anatumia PPPoE (unaunganishwa kwa jina na paswedi) hapo DHCP haitakusaidia, lazima uweke aina ya WAN kuwa PPPoE na jina na paswedi walizokupa.

Kama IP inaanza na 192.168, 10, au 172.16 mpaka 172.31, mara nyingi uko nyuma ya NAT ya modemu (NAT ni kugeuza anwani za ndani kuwa ya nje), yaani NAT mbili. Kuvinjari kutaenda vizuri tu, kinachosumbua ni kufungua poti (hapa ni namba ya huduma kama 443, si tundu la kebo) kutoka nje. Ukiweza iweke modemu kwenye briji modi, yaani ipitishe tu bila kufanya NAT. Na kama ni kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hiyo ni CGNAT, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya nje, na hapo hata ufungue poti namna gani hakuna mtu wa nje atakayekufikia kwa IPv4. Utaomba IP ya umma, au utumie IPv6 kama ipo, au ujenge taneli ya VPN kwenda kwenye seva iliyo nje. Lijue hili mapema, litakuokolea usiku mzima wa kuhangaika na ukurasa wa NAT.

Kuna na hili la lango, yaani ruta ya hatua inayofuata kuelekea nje. Fayawoli ina kiprogramu kinaitwa dpinger, kazi yake ni kupiga ping (kutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu) lango la WAN muda wote na kutangaza kama liko hai. Malango mengine hayajibu ping kabisa, kwahiyo unaona limeandikwa offline kwa rangi nyekundu wakati intaneti inakwenda, au mbaya zaidi, una WAN mbili na fayawoli inaihama ile nzima. Nenda kwenye setingi za lango uweke anwani nyingine ya kufuatilia, 1.1.1.1 au 9.9.9.9. Ukiwa na WAN mbili kila moja ipewe anwani yake, usirudie ileile, kwa sababu inatengeneza njia maalum ya kupitisha hiyo IP kwenye WAN husika.

Ping nne zinazokuambia karibu kila kitu

Fanya kwa mpangilio huu, usiruke.

Ya kwanza, ukiwa kwenye fayawoli yenyewe piga ping lango la WAN. Ikigoma, tatizo liko kati yako na modemu (isipokuwa kama ni lango lisilojibu ping, si tumetoka kuliongelea). Ya pili, bado kwenye fayawoli, piga 1.1.1.1. Lango linajibu ila 1.1.1.1 haijibu, hapo ni njia chaguo-msingi haipo au mtoa huduma ana shida. Ya tatu, piga 1.1.1.1 hiyohiyo ila kwenye ukurasa wa ping chagua chanzo kiwe LAN. Kama ile ya kawaida ilipita na hii imegoma, shuku NAT ya kutoka, kuna kitu hakigeuzi anwani za LAN kuwa ya WAN. Ya nne ndo unafanya kutoka kwenye kompyuta, kwanza 1.1.1.1, halafu jina lolote la tovuti.

Namba inajibu na jina halijibu? Ni DNS, mambo ya sheria na NAT yasahau. Hata namba haijibu kutoka kwenye kompyuta wakati fayawoli inaifikia? Angalia kompyuta imepewa lango gani kabla ya kwenda mbali.

Hilo la lango lina kisa chake cha kawaida. Mtu ana ruta ya zamani anataka aitumie kama waifai tu, anachomeka kebo kwenye swichi, DHCP yake bado iko hai. Sasa kuna DHCP mbili kwenye mtandao mmoja, simu inayomuwahi huyu inapata intaneti, inayomuwahi yule haipati, na tatizo linakuja na kupotea lenyewe mpaka unahisi umerogwa. Ukiona kompyuta ina lango ambalo si IP ya fayawoli, umempata mchawi. Zima DHCP kwenye ile ruta ya zamani, ipe IP ya mtandao wako isiyogongana na mtu, na kebo ichomeke kwenye mojawapo ya poti zake za LAN, ile ya WAN iache wazi.

DNS

Zote mbili zinakuja na Unbound, programu ya kujibu maswali ya DNS, na kwa kawaida yake pfSense haimuulizi DNS ya mtoa huduma, inaanza yenyewe kwenye seva za mizizi na kushuka mpaka ipate jibu. Ni nzuri, ila kuna mitandao inazuia au kuiteka poti 53 inayotoka nje, hapo majina hayafunguki hata kama umeandika 8.8.8.8 kwenye setingi za jumla, kwa sababu Unbound haizitumii hizo mpaka umeiambia. Washa forwarding mode (imuulize seva nyingine ya DNS) kwenye DNS Resolver, uielekeze kwenye DNS inayofikika, mfano ya mtoa huduma, kule OPNsense inaitwa Query Forwarding chini ya Unbound.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni saa. Unbound ikiwa imewashiwa DNSSEC inakagua saini zinazothibitisha majibu ya DNS, na saini za DNSSEC zina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta kuukuu uliyoifanya ruta, betri yake ya CMOS imekufa, kila umeme ukikatika inaamka ikiamini ni miaka ya nyuma huko, saini zote zinaonekana si halali, majina yanakataa. Na haiwezi kujirekebisha kwa NTP (kuuliza saa mtandaoni) kwa sababu hata seva ya NTP imeandikwa kwa jina na majina ndo hayo hayafunguki. Ingia namba 8 kwenye konsoli uandike date peke yake uone inasema nini. Kama imepotea, ipe kwa mkono, mwaka mwezi siku saa dakika bila nafasi, mfano:

date 202603141530

halafu nunua betri.

Sheria sasa

Ukifika hapa ukiwa na uhakika kebo, WAN, lango na DNS viko sawa, ndo fungua sheria. Na namna zinavyosomwa ni hivi: sheria unaiweka kwenye intafesi ambayo paketi INAINGILIA. Simu ya mgeni inayotaka kwenda intaneti inaingilia intafesi ya wageni, kwahiyo sheria yake iko kwa wageni, wala huhitaji chochote kwenye WAN. Jibu likirudi linapita lenyewe kwa sababu pf imeshaandika kumbukumbu ya hayo mazungumzo, wenyewe wanaita steti. Watu wanaojaza sheria za kuruhusu kwenye WAN ili "intaneti iingie" wanafungua mlango kwa dunia na hawatatui chochote.

Zinasomwa kutoka juu kwenda chini, ya kwanza kulingana ndo inashinda, zilizobaki hazisomwi. Isipolingana hata moja, paketi inazuiwa. Na LAN peke yake ndo inakuja na sheria ya kuruhusu, intafesi yoyote utakayoongeza baadaye inakuja tupu, maana yake inazuia kila kitu. Ndo maana VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya kebo ileile) mpya inapata IP kwa DHCP vizuri kabisa na haiendi popote.

Halafu mitego miwili ya fomu yenyewe. Kwenye pfSense sheria mpya inakuja na protokali TCP, ukiiacha hivyo ukadhani umeruhusu vyote, DNS inayotumia UDP inazuiwa na ping ambayo ni ICMP nayo inazuiwa, matokeo yake unaamini mtandao mzima haufanyi kazi. Weka any. Mtego wa pili ni poti ya chanzo. Unataka kuruhusu 443, unaiandika kwenye chanzo na kwenye kule inakokwenda. Brauza haitoki na poti 443, inachukua poti ya juu yoyote kwa kubahatisha, kwahiyo chanzo kiache any siku zote labda uwe na sababu ya pekee sana.

Mfano wa mtandao wa wageni ambao hauchungulii mtandao wa nyumbani au ofisi, sheria ziwe kwa mfuatano huu: juu kabisa ruhusu wageni kwenda kwenye IP ya fayawoli poti 53, TCP na UDP, la sivyo hawatakuwa na DNS. Chini yake zuia wageni kwenda This Firewall, ili wasifungue ukurasa wa kuingia. Chini yake zuia wageni kwenda kwenye aliasi (jina moja linalobeba anwani nyingi) yenye mitandao yote ya ndani, 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Mwisho ruhusu wageni kwenda any. Ukigeuza mpangilio, ile any ikipanda juu, hizo nyingine ni mapambo.

Na ukishaweka sheria ya kuzuia halafu uone bado mtu anapita, usianze kuilaumu. Steti iliyokwishafunguka haifungwi na sheria mpya. Nenda Diagnostics halafu States uifute, au kwenye shell (ile namba 8 ya konsoli)

pfctl -k 10.27.20.15

inaua mazungumzo yote yaliyoanzishwa na hiyo IP.

Kumfuata paketi kwa macho

Hii ndo sehemu ninayoipenda na ndo inayomaliza ubishi. Tuseme umeweka VLAN 20 ya wageni kwenye igc1, mtandao 10.27.20.0/24, sheria umeziweka kama hapo juu, simu imepata IP 10.27.20.15, intaneti hamna. Ingia shell, namba 8, kwenye simu jaribu kufungua kitu, na kwenye shell andika amri hii ya kuonyesha paketi zinazopita:

tcpdump -ni igc1.20 host 10.27.20.15

(Jina la VLAN kwenye pfSense linakuwa hivyo, kule OPNsense angalia kwenye orodha ya intafesi limeandikwaje.) Ukiona kimya kabisa, paketi haijafika kwenye fayawoli. Swichi haijapewa tegi ya 20 kwenye hiyo poti, au waifai haijaunganishwa na VLAN, hapo unatoka kwenye fayawoli unaenda kufungua setingi za swichi. Unaona mistari kama

IP 10.27.20.15.51544 > 1.1.1.1.443: Flags [S]

inajirudia bila jibu? Imefika. Sasa hamia upande wa pili, tuseme WAN ni igc0:

tcpdump -ni igc0 host 1.1.1.1 and port 443

Hapa kuna mambo matatu. Kimya maana yake imeingia na haijatoka, fayawoli imeizuia, nenda kwenye logi za fayawoli utaikuta na jina la sheria iliyoizuia, mradi sheria hiyo imewashiwa logi. Inatoka ikiwa na IP ya WAN kama chanzo na hamna jibu, basi wewe umemaliza kazi yako, mpigie mtoa huduma. Ila ukiona inatoka WAN bado ikisema 10.27.20.15, umeshika mwizi mwenyewe: NAT haijaigusa. Huko nje hakuna atakayejibu anwani ya ndani. Nenda Firewall, NAT, Outbound, nina hakika utakuta imewekwa Manual, mtu aliigeuza zamani kwa ajili ya VPN au gemu, na ikiwa Manual mtandao mpya hauongezwi wenyewe. Irudishe Automatic, au Hybrid kama kuna sheria za mkono unazihitaji. Hybrid inatosha watu karibu wote, Manual sioni kwa nini mtu aichague bila kulazimika.

Tukiwa kwenye logi, jifunze kusoma zile herufi pembeni ya TCP. Iliyozuiwa ikiwa na TCP:S ni muunganisho mpya uliokataliwa, hiyo ndo inahusu sheria zako. Ikiwa TCP:FA, TCP:RA au TCP:PA, hizo nyingi ni mabaki, mazungumzo yalishafungwa upande mmoja na mwingine anaaga kwa kuchelewa, zipuuze. Ila zikiwa nyingi mno kutoka mtandao mmoja wa ndani kwenda mwingine, na hasa ukiona TCP:SA, shuku kwamba paketi zinaenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, labda kuna kifaa chenye kadi mbili au ruta ya pili kwenye LAN hiyohiyo. Fayawoli imeona nusu ya mazungumzo, lazima ikatae.

Kufungua poti kutoka nje

Umeshahakikisha WAN ina IP ya umma, sivyo? Haya. Tengeneza port forward (kupeleka poti ya nje kwa seva ya ndani) kwenye NAT na uache itengeneze sheria yenyewe. Ukitengeneza sheria kwa mkono kumbuka NAT inafanyika kabla ya sheria, kwahiyo kwenye sheria ya WAN unaandika IP ya ndani ya seva, mfano 10.27.40.20, usiandike ile ya WAN.

Jaribu kutokea nje kweli, simu ikiwa kwenye data na waifai imezimwa. Kujaribu ukiwa ndani kwa kutumia IP yako ya nje ni jaribio lingine kabisa linalohitaji NAT reflection, na watu wanaharibu port forward nzima iliyokuwa inafanya kazi kwa sababu waliijaribu wakiwa ndani. Mimi naona badala ya reflection, weka host override kwenye DNS ili jina la seva yako likiulizwa ndani lijibu IP ya ndani. Ni safi zaidi.

Bado haijibu? Rudi kwenye tcpdump ya WAN. Paketi haifiki WAN, mtoa huduma anazuia hiyo poti au modemu iko mbele. Inafika WAN na inatoka LAN ila seva haijibu, angalia fayawoli ya seva yenyewe, na lango la seva kama kweli ni hii fayawoli.

Kurasa zinafunguka nusu

Kuna tatizo lina sura ya ajabu, tovuti ndogo zinafunguka, nyingine zinazunguka tu hazimalizi, ssh inaingia vizuri halafu inaganda ukiorodhesha faili nyingi. Hiyo karibu kila mara ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi kwa baiti. Etheneti ni 1500, PPPoE inakula baiti 8 inabaki 1492. Jaribu kutoka Windows:

ping -f -l 1464 1.1.1.1

Kwenye Linux ni ping -M do -s 1464 1.1.1.1. Hiyo 1464 ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP unapata 1492. Ikipita, sawa. Ikikataa, punguza namba mpaka ipite, jumlisha 28, ndo MTU yako. Iweke kwenye intafesi ya WAN, na kwenye kisanduku cha MSS (ukubwa wa juu wa data ya TCP ndani ya paketi) andika namba hiyohiyo ya MTU, kutoa 40 inafanya yenyewe, usiitolee wewe tena.

Na kwa walio kwenye mashine pepe yenye kadi za vtnet, kama ping zote zinapita na TCP inakwenda kwa kujikokota au haiendi kabisa, zima hardware checksum offload (kadi kupewa kazi ya kuhesabu namba za kukagua paketi). pfSense iko System, Advanced, Networking, OPNsense iko Interfaces, Settings. Kisanduku kinasema Disable, kwahiyo unaweka tiki ili kuzima. Kisha washa upya.

Umejifungia nje

LAN ina sheria ya anti-lockout inayokulinda usijifungie, ila ukiizima au ukifuta sheria za intafesi unayoingilia, utatolewa nje. Konsoli, namba 8, andika pfctl -d. Hapo fayawoli yote imelala, uchujaji na NAT vyote, ingia kwenye brauza haraka urekebishe. Ukisevu na kubofya Apply huwa inaamka yenyewe, na inaweza kukutupa nje tena kama hukurekebisha kilichokufungia. Vinginevyo pfctl -e inaiamsha. Usiiache hivyo na kebo ya WAN imechomekwa.

Ukiona umeharibu vitu vingi mpaka hujui cha kurudisha, zote mbili zinahifadhi matoleo ya nyuma ya konfigi kila unaposevu. Kwenye konsoli ya pfSense ni namba 15, OPNsense ni namba 13, unachagua tarehe ya kabla ya vurugu. Hizo zinakaa kwenye diski hiyohiyo ya mashine, diski ikifa zinaenda nayo, kwahiyo pakua bakapu ya XML uiweke pengine, na uiwekee paswedi maana ndani yake kuna funguo za VPN na kila kitu. Ukija kuirudisha kwenye mashine nyingine yenye kadi za aina tofauti, tuseme ulitoka igb ukaenda igc, itakuuliza ugawe intafesi upya, au ifungue hiyo faili kwenye kihariri cha kawaida kabla, ubadilishe igb0 kuwa igc0 na igb1 kuwa igc1 kila zilipotajwa, pamoja na zile za VLAN, halafu ndo uipakie.